Mkono Mmoja wa Rangi

"Rubani kaizima," alisema Fundi Spana, akavua kofia kama mtu aliyekutana na jeneza njiani.

Juu yao pangaboi la kushoto lilikuwa likizunguka kivivu, linasukumwa na upepo tu, na ndege nzima imebaki juu ya injini ya kulia. Kioo, fundi rangi, alikinga jua kwa kiganja ili aone vizuri. Hakuwa akitazama injini, alikuwa akitazama rangi. Buluu ile aliichanganya mwenyewe, akaikataa, akaichanganya tena mpaka roho yake ikatulia, na sasa ilikuwa inalirudisha jua jinsi lilivyokuja. Hata kutoka chini mstari mweupe wa ubavuni ulionekana umenyooka. Alimgeukia Spana ili ajisifu kidogo, akakuta sura ya mwenzake imemshuka.

"Inashuka," Spana alisema.

"Si anaishusha mwenyewe?"

"Aishushe ili iweje? Ametakiwa abaki pale pale. Shughuli ya leo ndiyo hiyo, kubaki pale pale kwa injini moja. Ona, ona! Miti ile ilikuwa chini yake, sasa inataka kuwa majirani zake."

Kioo akatazama vizuri. Ndege ilikuwa imeinua pua kwa tabu, kama mtu anayeogelea na nguo, na bado ilizidi kuzama polepole. Kisha injini ya kushoto ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka, na ndege ikapanda tena kama vile hakuna kilichotokea. Lakini kilikuwa kimetokea, na kila mtu kiwanjani pale alikijua.

Ndege ilipotua, Mkaguzi wa serikali ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliowatia hofu, maana mwenye habari njema hasemi kwa sauti ya chini namna ile.

"Injini zenu nzima," alisema. "Zote mbili zinavuta bila wasiwasi. Lakini moja ikizima, hii ndege haikai juu. Inateremka kidogo kidogo, na huko chini kuna watu. Siwezi kuipa kibali cha kubeba abiria."

"Tukitafuta tatizo?" aliuliza Rubani, ambaye alikuwa bado ameketi kwenye usukani, mikono mapajani.

"Tafuteni. Nitarudi mwisho wa mwezi. Ikishindwa tena, mimi na nyinyi tutabaki kusalimiana tu."

Rubani alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Miaka yote alikuwa amerusha ndege za mizigo za watu, akipeleka mabati na dawa na vifaranga, na ndege hii ndiyo ya kwanza kuwa yake. Aliachiwa na mjomba wake, ikiwa imeoza chini ya turubali, na panya wamezaa kwenye viti. Ilikuwa ndege ya matembezi ya zamani, ya viti vinne na injini mbili ndogo, mbawa zake za mbao zimevikwa kitambaa, iliyotengenezwa wakati ambao wenye nafasi waliruka kwenda kunywa chai kwa rafiki na kurudi. Rubani alitaka kuwapeleka watu juu waone nchi yao. Bila kibali, ilikuwa na kazi moja tu iliyobaki duniani: hoteli moja ilikuwa imeshauliza kama inaweza kuinunua, iipandishe juu ya nguzo bustanini, wageni wapigie picha.

Kioo aliposikia neno nguzo aliweka kiganja ubavuni mwa ndege.

Jina la Kioo alilipata kwenye gereji ya magari. Gari likitoka mikononi mwake, mwenye gari angeweza kunyolea ndevu mlangoni. Lakini hajawahi kupaka gari likakaa. Wiki mbili tu linarudi limekwaruzwa na pikipiki, limebonyezwa na ukuta, mtoto ameandika jina lake kwa msumari. Akachoka. Spana alipomwita aje apake ndege, alikubali kabla hata ya kuuliza malipo, na mkewe akamwambia kwamba sasa amepata mahali pa juu pa kupelekea kiburi chake. Alifanya kazi ile kama mtu anayemwandaa bibi harusi. Alipomaliza, badala ya kuosha vifaa na kuondoka, aliketi juu ya debe akaitazama tu, na hicho hakuwahi kukifanya kwa gari la mtu yeyote.

Basi wakaanza kutafuta tatizo. Walitoa zulia la ndani. Walitoa mapazia madogo ambayo mjomba mtu aliyapenda, na visahani vya majivu ya sigara, na kabati la chupa nyuma ya viti. Spana alizikagua injini tena, akafungua, akasafisha, akafunga, huku akizisemesha kama wajukuu. Alipomaliza alijitazama tumbo.

"Na mimi nikae mbali nayo," alisema. "Isije ikaniona ikakata tamaa."

Hakuna aliyecheka sana. Vitu walivyotoa vilijaza kona, lakini vyote kwa pamoja havikutosha kueleza ule mzamo walioushuhudia. Rubani alikuwa akija asubuhi kabla ya safari zake za mizigo, anaizunguka ndege, anagusa ncha ya ubawa, anaondoka. Siku moja Kioo alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye mlango, amefumba macho. Aliondoka kwa ncha za vidole asimsumbue.

Siku hiyo hiyo, kwa kukosa la kufanya, Kioo aliamua kufagia banda. Nyuma ya mapipa kulikuwa na lundo la magazeti, yale aliyobandika kwenye vioo vya ndege wakati wa kupaka rangi ili visichafuke. Aliyabeba nje kwenda kuyachoma. Upepo ulikuwa mkali mchana ule, hata akatazamia magazeti yamponyoke na kuruka uwanjani, akajiandaa kuyakimbiza. Aliachia moja. Halikuruka. Lilianguka miguuni pake, pwaa, kama kigae.

Kioo akainama akaliokota. Lilikuwa gumu, buluu upande mmoja, na habari za mpira upande wa pili. Mfukoni alikuwa na gazeti la asubuhi, akalitoa, akaweka moja kiganja hiki na jingine kiganja kile. Akasimama hivyo muda, watu wakipita wakimtazama, kama mpima nyanya aliyepoteza wateja. Lile la asubuhi hakulihisi. Hili lingine mkono ulilisikia.

Kwenye gereji hakuna mtu anayepima rangi. Gari ni chuma. Ulipake mpaka uchoke, litakwenda. Katika maisha yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwambia kwamba rangi ina uzito, na yeye, aliyebeba makopo yake kwa mikono hii hii mpaka mabega yakauma, hakuwahi kujiuliza uzito wa kopo huenda wapi kopo likiisha.

Alirudi ndani mbio mbio, gazeti mkononi.

"Spana. Uliniambia nipige mikono mingapi?"

Spana alikuwa chini ya injini. "Ya nini?"

"Ya rangi. Kwenye kitambaa."

"Mitano. Si tulikubaliana? Mikono mitano, basi."

"Na mkono mmoja kwako ni nini?"

Spana akatoa kichwa. "Kioo, umelala njaa? Mkono ni mkono. Unapita mara moja, kutoka huku mpaka kule, umemaliza."

Kioo alishusha gazeti. "Kwetu gereji mkono mmoja ni kwenda na kurudi. Unapita kwa urefu. Kikikauka, unapita kwa upana. Kikikauka, unalainisha, halafu unapita tena kuziba. Huo ndio mkono mmoja."

Spana alitoka kabisa chini ya injini, akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto.

"Halafu ukapiga mitano."

"Halafu nikapiga mitano. Na juu yake nikaweka ya kung'arisha, kwa sababu niliipenda."

"Mungu wangu! Tumeivalisha makoti ndege ya watu." Alijipiga paja. Sauti ilianza kwa hasira, na Kioo akajikunyata akisubiri yanayofuata, lakini katikati ya safari ile hasira ikageuka. "Na mimi je? Mizani tuliazima tukaipima ndege kabla ya rangi. Kabla! Mwenye mizani akaja kuichukua, nikamwambia chukua tu, rangi ni rangi. Hata mimi nilisema hivyo. Kumbe tuko wawili."

Kumwambia Spana kulikuwa rahisi. Rubani ndiye aliyemkosesha Kioo usingizi, kwa sababu siku ile ndege ilipotolewa bandani kwa mara ya kwanza na rangi yake mpya, Rubani alijiona ubavuni mwake, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akacheka, na hakuna mtu mwingine pale aliyewahi kumwona akicheka. Sasa Kioo alikuwa aende kumwambia kwamba kicheko kile ndicho kilichokuwa kinaivuta ndege chini.

Alimwambia asubuhi, wima, bila kuzunguka. Rubani alisikiliza mpaka mwisho.

"Inatoka?"

"Inatoka. Kwa msasa na maji, kwa mkono. Mashine itachana kitambaa. Nikiwahi, tutafika mwisho wa mwezi."

"Itabaki vipi?"

"Itabaki imefifia, dada. Buluu itabaki, lakini hutajiona tena." Akakwangua buluu iliyokauka kwenye ukucha. "Nisamehe. Nilitaka uwe na kitu kizuri."

Rubani alitazama ubavu wa ndege, akajiona, akatazama pembeni. "Kaka," alisema, "mimi nyumbani nina kioo."

Akaenda zake kurusha vifaranga.

Kuipaka kulimfurahisha Kioo, kuiondoa kulimfundisha adabu. Kitambaa kimetandikwa juu ya mbavu za mbao, na kila penye ubavu msasa unakimbilia kukata. Ukikaza mkono kidogo tu umepita mpaka kwenye nyuzi, na ukilegeza sana unacheza na maji. Ilimbidi aguse kwa vidole kwanza, ajue mbavu ziko wapi, ndipo asugue kati ya moja na nyingine. Maji ya buluu yalimchirizika mpaka kwenye viwiko. Alisugua kilichomgharimu nguvu zake zote, na hakuna aliyekuwa akimlazimisha. Siku ya kwanza alilia kidogo, kimya kimya, akiwa chini ya ubawa ambako hakuna anayemwona.

Wenzake wa gereji walipata habari wakaja kuchungulia. "Kioo kapata ukungu!" alipiga kelele mmoja, na Kioo akacheka nao, maana lilikuwa la kuchekesha kweli, kisha akawafukuza.

Mkewe naye alikuja, amembebea chakula. Mama huyu alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za watu, na vitambaa alivijua kuliko mumewe. Aliizunguka ndege, akapapasa mkia, akapapasa ubawa.

"Huku umemaliza, kule bado," alisema. "Kule kunasikika kama shati lililotiwa wanga na mlevi."

"Mkia una nini?"

"Mkia ni mzito zaidi. Ulijipendelea huko nyuma. Nipe hicho kipande."

"Mikono yako itaharibika."

"Mikono yangu? Baba wee, iliharibika kabla hujanioa." Akakunja mikono ya gauni, akachovya msasa kwenye ndoo. "Miaka yote natamani unitazame kama unavyotazama mlango wa gari la mtu. Angalau leo tunatazama kitu kimoja."

Walisugua mkia pamoja mpaka jua likazama, wakizungumza mambo ya nyumbani, na Kioo akagundua kwamba alikuwa na furaha, jambo ambalo hakulitegemea.

Ilipokwisha, ndege ilikuwa na rangi ya ganda la yai la bata. Spana alikusanya tope la rangi lililokauka sakafuni, akalitia kwenye gunia, akamwita Rubani alinyanyue. Rubani alilinyanyua kwa mikono miwili, akaliweka chini haraka.

"Hili lilikuwa linapanda na mimi?"

"Hilo na mapazia ya mjomba wako," alisema Spana.

Mizani iliazimwa tena, na safari hii hakuna aliyeiruhusu iondoke mapema. Spana alisoma, akasoma tena, akakuna kidevu. Ndege ilikuwa imepungua sana. Kama imepungua vya kutosha, alisema, hilo mizani haijui, hewa ndiyo inayojua.

Mkaguzi alirudi kama alivyoahidi. Aliizunguka ndege iliyofifia bila kusema kitu, akapitisha kidole kwenye mkia.

"Leo nataka na abiria," alisema. "Ndege ya abiria ijaribiwe na abiria. Asiwe mfuko wa mchanga, mfuko hauogopi."

Wote wakamtazama Spana, na Spana akatazama tumbo lake. Kisha wakamtazama Kioo, mwembamba kama fito.

"Mimi sijawahi kupanda," alisema Kioo.

"Vizuri," alisema Mkaguzi. "Ndio watakaopanda hao."

Hivyo ndivyo fundi rangi alivyojikuta kiti cha nyuma, amefungwa mkanda. Walipoacha ardhi akaona banda limekuwa kijisanduku, na Spana nukta yenye kofia, na hofu ikachanganyika na kitu kingine ambacho hakuwa na jina lake. Nje ya dirisha ubawa ulikuwa pale, mkavu, hauna mng'ao hata chembe, na kwa mara ya kwanza aliutazama bila kutafuta kasoro. Alitazama tu kuona kama umewashika.

"Haya," alisema Mkaguzi. "Zima ya kushoto."

Rubani akazima.

Pua ikayumba kuelekea kushoto. Rubani akakandamiza kwa mguu mpaka paja likatetemeka, na ndege ikanyooka. Kelele ilipungua nusu, na nusu iliyobaki ilisikika peke yake, ikivuta, ikivuta. Kioo alishaonyeshwa saa ya kimo, ile inayopima ndege iko juu kiasi gani. Mshale wake ulikuwa umesimama. Sasa ukaanza kurudi. Ukarudi kidogo. Ukarudi tena kidogo. Kioo alijikuta ameshika kiti kwa mikono yote miwili na kujinyanyua ili asikilemee.

"Kaa, abiria," alisema Mkaguzi bila kugeuka. "Nakuhitaji na uzito wako wote."

Kioo akakaa. Aliona aibu, akaona woga, na zaidi ya vyote akamwonea huruma yule mwanamke mbele yake, ambaye jasho lilikuwa likimteremka shingoni na mikono yake haikutikisika. Alitaka ndege imshike isimwangushe. Hakutaka kingine chochote, hata jina lake zuri angelitoa dirishani kama lina uzito.

Rubani aliteremsha pua kidogo, kidogo sana, akaipa ndege kasi. Mshale ukasita. Ukasimama.

Ulibaki umesimama, na muda ukapita, na ulikuwa bado umesimama. Mbele yao kilikuja kilima chenye minara ya simu, kile ambacho Kioo alikizoea tangu utoto, akikitazama kutokea mlangoni kwa mama yake.

"Unaweza kuiwasha," alisema Mkaguzi. "Nimeona ya kutosha kuandika kibali."

"Naomba nisubiri kidogo," alisema Rubani.

"Kuna kilima."

"Nakiona."

Mkaguzi alitazama kilima, akatazama mshale. Ulikuwa umejongea, upana wa uzi, kuelekea juu. Alikunja mikono kifuani kama mtu anayeketi barazani kwake.

"Basi pita," alisema.

Kilima kikaja. Kioo aliona minara ikikua, waya zake, kibanda cha mlinzi, mlinzi mwenyewe akitoka na kikombe na kuinua uso. Injini moja iliendelea na kazi yake. Kisha vyote vikapita chini, na upande wa pili ukafunguka: bonde pana lenye mashamba yaliyolimwa upya, mto mwembamba, na mji mzima wa mapaa ambao Kioo hakujua kwamba upo. Juu ya mapaa hayo kivuli chao kidogo chenye mbawa kilikuwa kinakwenda bila haraka, kikipanda ukuta, kikishuka uani, kikivuka nguo zilizoanikwa.